Biti tatu za milango ya paneli: tathmini baada ya milango 14 ya jikoni

Seti ninayoitathmini hapa ni ya biti tatu za ruta, ile ruta ya seremala, mashine inayozungusha kisu kwa kasi kuchonga mbao, na si ile inayogawa intaneti sebuleni. Biti ndizo visu vyake vya kubadilisha, na kazi ya hizi tatu ni kutengeneza milango ya kabati yenye fremu pembeni na paneli iliyoinuka katikati. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 190,000, ikiwa ndani ya kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kuteleza, na katika miezi minane iliyofuata nimetengeneza nayo milango 14 ya makabati ya jikoni kwangu Tabata, miwili ya kabati la vyombo la mama mkwe wangu, na mingine kadhaa iliyofika jikoni kwa njia nyingine, yaani chini ya sufuria ya maharage. Kisanduku hakina jina la kiwanda wala la nchi kilikotoka, na hilo ndilo lalamiko langu la kwanza. Lakini seti za rangi na umbo kama hili zimejaa madukani, na naamini wengi wamekwisha kuziona nyuma ya kioo wakajiuliza kama zinamfaa mtu mwenye banda dogo nyuma ya nyumba na ruta moja. Jibu langu ni kwamba biti mbili ndogo zinafaa sana, tena kupita bei yake, na ile kubwa, ambayo ndiyo inayomvuta mnunuzi, ndiyo ya kufikiriwa mara mbili.

Mlango wa paneli una vipande vitano: viwili vya kusimama, viwili vya kulala, na paneli yenyewe. Biti ya kwanza hupita kwenye ukingo wa ndani wa vipande vyote vinne vya fremu, na kwa mpito mmoja huchonga pambo la mviringo upande wa mbele pamoja na mfereji wa milimita 6.35 nyuma ya pambo hilo. Ya pili hupita kwenye ncha za vipande vya kulala peke yake, na huchonga kinyume cha ile ya kwanza, kiasi kwamba ncha inapata ulimi wa kuingia mferejini na mbonyeo unaolikalia pambo kama kifuniko kwenye sufuria yake. Ya tatu, yenye kipenyo cha milimita 89, hupunguza kingo za paneli kwa mteremko mpaka ziwe nyembamba za kuingia mferejini, huku katikati pakibaki na unene wake. Mfereji una kina cha milimita 9.5, na ulimi una urefu huohuo. Kwa hiyo kiungo chote kinashikiliwa na milimita tisa na nusu za mbao na gundi, jambo lililonitia wasiwasi mwanzoni, kwa kuwa mimi nimejifunza useremala kwa watu wa patasi, ambao kwao ulimi usiofika angalau katikati ya upana wa ubao si ulimi bali ni mzaha.

Kwa mlango mkubwa wa nyumba bado nipo upande wao. Lakini mlango wa kabati una uzito wa kilo chache, haupigwi teke na mtu, na paneli iliyo ndani yake inausaidia usipinde. Ili nijiridhishe, niliunga vipande viwili vya mninga kwa biti hizi, nikaacha gundi ikauke usiku kucha, kisha nikabana kimoja kwenye jiriwa na kukining'inia kile kingine mpaka kikakatika. Kilipokatika, gundi ilikuwa mahali pake. Kilichopasuka ni mbao ya pembeni. Sikuendelea na wasiwasi.

Kikwazo cha kweli kilinikuta kabla hata sijachomeka waya. Mashina ya biti zote tatu ni ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, na koleti ya ruta yangu, ile taya inayobana shina, ilikuwa ya milimita 12. Siku ya kununua nilimuuliza muuzaji, naye akanijibu kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi: "Kaka, nusu inchi na kumi na mbili ni kitu kilekile." Si kitu kilekile. Shina la 12.7 haliingii kwenye taya ya 12 hata ulipake mafuta, na hilo ndilo kosa lenye heri, kwa sababu kinyume chake, shina la 12 ndani ya taya ya 12.7, huweza kuingia bila shida, likabanwa nusunusu, na likachomoka huku linazunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika. Ruta zinazouzwa kwetu huja na taya ya aina yoyote kati ya hizo mbili, hivyo mnunuzi asitosheke na maandishi ya kisanduku. Apime shina kwa kalipa, kile kifaa cha taya cha kupimia unene, au aende dukani na koleti yake mfukoni. Mimi nilipoteza Jumamosi mbili na shilingi 35,000 kutafuta koleti ya nusu inchi ya ruta yangu, na ni haki kuihesabu gharama hiyo ndani ya bei ya seti.

Biti mbili ndogo zilipoanza kazi nilielewa kwa nini zinasifiwa. Nilianza na vipande vya paini ya Mafinga vilivyokuwa vimebaki nilipopiga kenchi za banda, nikavipiga randa hadi unene wa milimita 20, nikavipitisha kwenye meza ya ruta, ambayo ruta hufungwa chini yake na biti ikachomoza juu, uso wa mbao ukiwa chini. Pambo lilitoka laini, lenye mng'aro ule wa mbao iliyokatwa na ncha kali, na msasa niliupitisha mara moja tu, tena kwa mazoea kuliko kwa haja. Kasoro ilijitokeza nilipounga. Ulimi ulikuwa na unene wa milimita 6.1 na mfereji ulikuwa na upana wa 6.4, tofauti ambayo kwenye karatasi inaonekana kuwa si kitu, lakini ukiitikisa fremu inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Biti ya ndimi, yaani ile ya pili, imejengwa kwa tabaka: kisu cha chini, beringi, kisu cha juu, na nati inayofunga vyote juu ya shina. Unene wa ulimi ni ile nafasi inayobaki kati ya visu viwili, na nafasi hiyo huongezwa au kupunguzwa kwa washa, vipete bapa vya chuma, nyembamba sana. Picha iliyobandikwa kwenye kisanduku inaonyesha washa nne za akiba. Ndani hamkuwa na hata moja, na niliporudi dukani niliambiwa kwamba "hizo huwa zinadondoka njiani". Fundi wa kuchonga vyuma wa Gerezani alinikatia washa ya milimita 0.2 kwa bei ya soda mbili, nikaiweka chini ya beringi, nikafunga, nikajaribu tena, na tangu siku hiyo ulimi unaingia kwa kusukumwa na dole gumba, bila nyundo, na ukigeuza kiungo juu chini hakidondoki. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia, na sijapata kingine kilicho bora kuliko dole gumba. Ikiwa kwako ulimi utatoka mnene na hauingii, kazi ni ileile kwa upande wa pili: washa hutolewa, haiongezwi.

Baada ya marekebisho hayo sina neno baya la kusema juu ya biti hizi mbili. Nimekata nazo viungo zaidi ya 60 na vyote vimefungana mbele bila ufa wa kupitisha karatasi. Ila nina ushauri wa matumizi ambao karatasi ya maelekezo, yenye picha sita ndogo na sentensi tatu, haikunipa. Ncha za vipande vya kulala zichongwe kwanza, kabla ya kingo zake, zikiwa zimeegemezwa kwenye ubao wa mraba unaosukumwa pamoja nazo, kwa sababu biti inapotoka upande wa pili wa ncha hurarua nyuzi, na ubao wa nyuma ndio unaozishikilia. Kingo zitakapochongwa baadaye, mchubuko wowote uliobaki huondoka na pambo. Pia, mara tu utakapopata kimo sahihi cha biti zote mbili, chonga kipande kimoja cha akiba, ukingo kwa biti ya kwanza na ncha kwa ya pili, ukitundike ukutani. Changu kimeandikwa kwa wino mwekundu ONYO: SI KUNI, na kwa hicho ninapanga kimo cha biti kwa dakika moja, wakati siku ya kwanza ilinichukua asubuhi nzima na mita nne za paini.

Vipimo navyo vinastahili kuelezwa, maana hapa ndipo nilipoona watu wakikosea hata kama vyombo vyao ni vizuri. Chukua mlango wa upana wa milimita 400 na urefu wa 600, wenye fremu ya upana wa milimita 57. Vipande vya kusimama vinakatwa 600 kamili. Vya kulala havikatwi 286, ambao ndio uwazi ulio kati ya vile vya kusimama, bali 305, kwa kuwa kila ncha inaongezwa milimita 9.5 za ulimi. Paneli nayo ingekuwa na upana wa 305, lakini hukatwa 302, ili ibaki na milimita moja na nusu ya kupumulia kila upande. Kwa urefu, ambako mbao hainyumbuki sana, 503 inatosha badala ya 505. Upana wa fremu wa 57 sikuuchagua kwa urembo. Bawaba za kikombe zinahitaji tundu la kipenyo cha milimita 35 nyuma ya mlango, na ukiondoa mfereji na nafasi ya pembeni, fremu nyembamba kuliko hiyo huanza kukosa nyama ya kushika skrubu. Mlango wangu wa kwanza ulikuwa na fremu ya 45. Tundu la bawaba lilitokea mferejini.

Sasa nije kwenye ile biti kubwa.

Ukikifungua kisanduku ndiyo inayokutazama, nyekundu, nzito kama nanga, na mabawa yake mawili yenye ncha za kabaidi, ile metali ngumu ya kukatia, yamejaa kiganja. Uzuri wa mlango wa paneli ni kazi yake, ule mteremko mpana unaoshika kivuli cha taa. Lakini karatasi ya maelekezo haisemi popote kwamba biti hii isizungushwe kwa kasi kamili ya ruta, na huu kwangu si upungufu wa kawaida bali ni uzembe. Hesabu yake si ngumu. Ncha ya kisu cha kipenyo cha milimita 89 ikizungushwa mara 22,000 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya ruta nyingi zisizo na kidhibiti, inasafiri zaidi ya mita 100 kwa sekunde, sawa na kilomita 369 kwa saa. Ikipunguzwa hadi mizunguko 10,000 inashuka hadi kilomita 168 kwa saa, ambayo bado ni mwendo wa kuheshimiwa, lakini ndio ambao biti za ukubwa huo huendeshwa. Kwa hiyo mwenye ruta ya spidi moja asiinunue seti hii kwa ajili ya biti ya tatu. Wala mtu asithubutu kuitumia kwa kushika ruta mkononi. Ni biti ya mezani tu, tena meza yenye tundu linaloipitisha, na ubao wa kuongozea ulioifunika biti na kuacha wazi sehemu inayokata peke yake.

Ruta yangu ni ya wati 1,850 na ina kidhibiti cha kuanzia mizunguko 9,000. Niliiweka kwenye 10,000, nikainua biti kidogo, nikapitisha paneli ya paini, nikainua tena, na kwa mipito minne mteremko ukakamilika. Kwa paini hakukuwa na tatizo. Kwa mninga mashine ilianza kuhema. Mtaani kwetu umeme hushuka nguvu jioni, wakati wa pasi na majiko, na ruta iliyo kwenye kasi ya chini na mzigo mkubwa hulionyesha hilo mara moja: sauti inashuka, ubao unakwama kidogo, ukiusubiri unaungua, ukiusukuma unaruka. Paneli zangu mbili za kwanza za mninga zina alama nyeusi za kuungua kwenye nyuzi za ncha, na alama hizo zilinila msasa na saa mbili kwa kila moja, kwa kuwa mteremko wenyewe haukubali mashine ya kusugua na kila kitu kinafanywa kwa kidole kilichovikwa msasa. Baada ya hapo nikabadili ratiba: paneli zinachongwa Jumamosi asubuhi kabla ya saa nne, kwa mipito sita badala ya minne, na ule wa mwisho unaondoa nusu milimita tu. Alama zimekwisha, ila paneli moja sasa inachukua karibu dakika 20, na majirani wamenieleza kwa adabu maoni yao kuhusu Jumamosi asubuhi.

Utaratibu wa kuchonga paneli unafuata mantiki ileile ya fremu, yaani zile kingo mbili zinazokata nyuzi ndizo za kwanza, kisha zile zinazokwenda na nyuzi, na ubao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto ili ukutane na biti uso kwa uso. Niliwahi kusahau na kuanza na upande wa nyuzi, na kona ya paneli ya tiki yenye upana wa kidole ikaondoka na kuruka hadi kwenye kapu la nguo. Hilo si kosa la biti.

Kosa la biti ni kukosa kisu cha nyuma. Seti za bei ya juu zina biti ya paneli yenye kisu kidogo cha pili kinachopunguza paneli upande wa nyuma, na kwa hiyo paneli hutengenezwa kwa unene uleule wa fremu na uso wake ukakaa sawa na fremu. Hii haina. Ukiweka paneli ya milimita 20 kwenye fremu ya milimita 20, katikati yake hutokeza mbele ya fremu kama kifua cha jogoo. Inakubidi uirande paneli hadi kama milimita 16, na kwa asiye na mashine ya kuranda unene, hiyo ni kazi ya kupeleka mbao kwenye karakana ya mashine na kulipia, tena na tena. Mimi nilizipeleka zote siku moja, nikalipa mara moja, na nikakuta mbili zimerandwa hadi milimita 14. Nimezitumia kwenye milango ya chini ya sinki.

Kuhusu mbao, biti hizi nimezijaribu kwa aina tatu na matokeo hayafanani. Paini ya Mafinga hukatika bila kelele, lakini utomvu wake hujikusanya nyuma ya ncha na kuifanya biti ionekane butu wakati ni chafu tu. Mswaki uliochakaa na mafuta ya taa vinatosha, ilimradi beringi itolewe kwanza, kwa sababu mafuta ya taa huosha grisi iliyo ndani yake. Mninga ndio mbao niliyofurahia kuliko zote. Hukatwa safi, rangi yake ya asali na wekundu hujitokeza kwenye mteremko kama haijawahi kuonekana kwenye ubao mbichi, na husinyaa kidogo mno ikilinganishwa na mbao nyingine, sifa ambayo kwa mlango wa kabati ina thamani kuliko ugumu. Vumbi lake, hata hivyo, si la kuchezea. Siku ya kwanza nilifanya kazi na kitambaa puani, na usiku nikapiga chafya hadi mke wangu akahama chumba; barakoa ya kweli ya vumbi ni sehemu ya vifaa, si hiari. Tiki nilinunua ya Longuza, Muheza, na ni mbao nzuri isiyo na hila, isipokuwa kwamba ina chembechembe za silika zinazokula makali. Baada ya milango sita ya tiki niliona pambo limeanza kutoka na vinyweleo, nikayanoa makali kwa kijiwe cha almasi upande wa bapa peke yake, mara nne nne kila ncha, yakarudi. Kabaidi ya seti hii, basi, si ya daraja la juu, lakini ni nene ya kutosha kunolewa mara kadhaa, na kwa bei yake sikutarajia zaidi.

Lipo jambo moja ambalo hakuna seti ya bei yoyote inayolitatua, nami lilinigharimu mlango. Mapema mwaka huu, katikati ya masika, niliunga mlango wa paini nikiwa na haraka, na gundi ya viungo ilifurika hadi kwenye kona zote nne za paneli. Sikujali. Mwezi wa saba, wakati wa kipupwe, tukiwa mezani, tulisikia mlio mkavu kama wa kijiti kilichovunjwa kutoka jikoni, na nilipokwenda kuangalia niliikuta paneli imepasuka kuanzia juu hadi chini, ufa wa kupitisha sarafu. Nilimpelekea fundi mmoja mzee wa Keko, ambaye huamkiwa shikamoo hata na wenye viwanda vya fanicha. Aliugeuza mlango, akakuna kona kwa ukucha, akaiona gundi. "Mwanangu," akasema, "mbao hii uliifunga pumzi." Alinieleza, huku akiendelea kupiga randa, kwamba mbao iliyofungwa wakati wa unyevu lazima isinyae mvua zikikata, na ikiwa imeshikwa pande zote haina pa kusinyalia ila katikati yake yenyewe.

Ndiyo maana ya ule mfereji. Paneli haipigwi gundi wala msumari. Inakaa ndani ya fremu kama droo ndani ya kabati, huru kupanuka na kusinyaa. Ili isigongegonge mlango unapofungwa, watu wa nchi nyingine hununua vijipira maalumu vya kuweka mferejini. Mimi nakata kandambili iliyochakaa kuwa vipande vya unene wa milimita tatu, viwili kila upande wa kusimama, na vinafanya kazi hiyo kwa uaminifu. Kona za paneli nazipaka nta ya mshumaa kabla ya kuunga, ili gundi ikifurika isishike. Na vanishi ya paneli huipaka kabla ya kuunga fremu, kwa sababu nilikwisha kuona kwenye milango yangu ya kwanza jinsi paneli ilivyosinyaa kidogo na kuonyesha mstari mweupe usio na rangi pande zote mbili, kama ngozi iliyofichwa na kamba ya saa.

Nani basi ainunue? Mwenye milango minne tu ya kutengeneza asihangaike. Apeleke mbao zake kwenye karakana yenye mashine, atalipa pungufu na atalala. Anayetaka milango ya kupaka rangi anaweza kutumia biti mbili ndogo kwa fremu na kuweka kipande bapa cha MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kiwandani) au plaiwudi ya milimita 6 katikati badala ya paneli ya mbao, na hapo hamhitaji kabisa yule nanga mwekundu, wala kusinyaa hakumhusu. Lakini mwenye jikoni nzima mbele yake, ruta yenye kidhibiti cha kasi, meza imara, na mbao iliyokauka kweli, seti hii itamfaa, mradi aingie akijua kwamba atatafuta koleti, atatafuta washa, na atairanda paneli.

Kama ningeanza upya ningenunua biti mbili ndogo peke yake, na kwa paneli ningechukua biti ya wima, ile ambayo ubao husimamishwa ukiegemea ubao mrefu wa kuongozea badala ya kulazwa mezani. Kipenyo chake ni kama milimita 38, na hata ikizungushwa mara 18,000 ncha yake inakwenda polepole kuliko ile kubwa kwenye 10,000, kwa hiyo ruta haihemi na mkono hautetemeki. Haiwezi kuchonga paneli yenye upinde juu, lakini katika milango yangu yote sijatengeneza hata mmoja wenye upinde. Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kuitafuta. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni nusu inchi. Nikatoa kalipa mfukoni, nikapima mbele yake: milimita 12 kamili. Akacheka, akaingia ndani, akarudi na nyingine.